Msingi mara tatu, paa hakuna: kisa cha mchezaji wa tenisi msimu wa 2020 ulipofungwa

Kuhusu kisa hiki

Mhusika ni mchezaji wa tenisi wa kulipwa ambaye, Machi 2020, janga la korona lilipofunga mashindano, alikuwa kati ya nafasi ya 130 na ya 170 katika viwango vya dunia vya wanawake. Nimeondoa jina lake, taifa lake, umri wake na majina ya mashindano madogo aliyocheza. Hapa nitamwita N. Mimi nilikuwa mkufunzi wake wa viungo, na kazi yetu ilikuwa ya simu na video. Makosa mawili kati ya nitakayoyaeleza ni yangu, nami nitayataja yakifika.

Usuli

Anayetazama tenisi ya wanawake kwenye televisheni huona hundi za mabingwa akadhani mchezo mzima umeshiba. Mchezaji wa tenisi hana mshahara. Hana klabu inayomlipa mwisho wa mwezi kama mwanasoka. WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake kilichoanzishwa mwaka 1973, huandaa ziara na kuweka kanuni, lakini mchezaji mwenyewe anabaki kuwa mjasiriamali anayejilipia tiketi, hoteli, kocha, tiba na hata nyuzi za raketi. Asipocheza, hakuna kinachoingia.

Kwa mtu wa nafasi ya N. mambo yamebana zaidi. Droo kuu (orodha za wanaocheza shindano lenyewe) za mashindano makubwa haziko mbali naye, ila hawezi kuingia bila kupitia mechi za kufuzu. Mashindano madogo yapo mengi, ila wakati ule, katika lile lenye zawadi ya jumla ya dola 25,000, bingwa mwenyewe aliondoka na chini ya dola 4,000, na kodi bado. Kwa hiyo mwaka wake unasimama juu ya mashindano manne: Melbourne, Paris, Wimbledon na New York. Hata kutolewa mapema kwenye mechi za kufuzu za hayo manne humlisha kwa miezi. Hayo ndiyo ghala. Mengine yote ni kibaba cha siku.

N. alikuwa na kocha mmoja, aliyekuwa akilipwa posho ya wiki pamoja na asilimia kumi ya zawadi za fedha. Akiba yake ilitosha miezi minne kama asingesafiri, miwili kama angesafiri.

Machi: uwanja uliojaa watu wasio na mechi

Alikuwa California kwa ajili ya kufuzu Indian Wells. Jumapili jioni, tarehe 8 Machi, siku moja tu kabla ya mechi za kufuzu za wanawake kuanza, waandaaji walitangaza kwamba shindano halitafanyika kwa wakati wake. Kesho yake alinitumia video: viwanja vya mazoezi vimejaa, kila mtu anapiga mipira kama kawaida, na hakuna aliyejua anajiandaa kwa lipi. “Kocha anasema tungoje Miami,” aliandika. Tarehe 12 Machi Miami nayo ikafutwa.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa rahisi kuliko ulivyoonekana: arudi nyumbani, au abaki Marekani kwenye kituo cha mazoezi kilichomkaribisha kwa bei nafuu? Kituo kilikuwa na viwanja na watu wa kucheza nao. Nyumbani kulikuwa na wazazi, chakula kisicho na bili na, kama tulivyokuja kujua, zuio la kutoka nje. Alirudi. Sababu yake aliisema kwa sentensi moja: mipaka ikifungwa, afadhali nifungiwe upande wenye kitanda changu. Kocha alirudi kwao, nchi nyingine, wala hawakuonana tena ana kwa ana hadi Julai.

Wakati huohuo viwango vya dunia viligandishwa. Kuanzia katikati ya Machi hakuna aliyepanda wala kushuka. Sote tulishusha pumzi. Nafasi yake ilikuwa salama.

Aprili hadi Juni: mipango mitatu

Hapa ndipo kisa chenyewe kilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tarehe 16 Machi WTA ilisimamisha mashindano hadi tarehe 2 Mei. Siku mbili baadaye ikasogeza hadi tarehe 7 Juni. Tarehe 1 Aprili Wimbledon ikafutwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu Vita vya Pili vya Dunia, na usimamishaji ukasogezwa hadi tarehe 13 Julai. Katikati ya Mei ikawa wazi kwamba Julai nayo imekwenda, na tarehe 17 Juni ndipo ilipotoka ratiba ya kuanza upya: Palermo, Italia, tarehe 3 Agosti.

Kila tarehe mpya ilipotoka, nilikaa na kuandika mpango mpya. Nilipanga kwa namna tuliyofundishwa wote: unaanza na msingi wa nguvu na pumzi, unahamia kasi na miondoko ya uwanjani, kisha wiki za mwisho unapandisha makali ya mechi, hasa sevu, pigo la kuanzisha kila pointi. Mpango wa kwanza ulilenga Juni. Ulipofutika tulikuwa bado kwenye msingi. Wa pili ulilenga Julai. Ulipofutika tulikuwa ndio tunaumaliza msingi. Wa tatu ulilenga Agosti, na kwa kuwa wiki zilikuwa nyingi tena, nikamrudisha kwenye msingi. Hilo ni kosa langu la kwanza. Msingi tuliujenga mara tatu. Paa hatukuezeka hata siku moja.

Kwa macho, mambo yalipendeza. N. hakuwahi kuwa na nguvu za miguu kama zile. Alikimbia, aliruka kamba, alinyanyua ndoo za maji pale vyuma vilipokosekana. Mpira aliupiga kwenye ukuta wa gereji, mita nne kutoka alipo, hadi jirani akaomba walau saa moja ya mchana iwe ya kimya. Lakini gereji ina dari. Huwezi kupiga sevu chini ya dari. Kuanzia katikati ya Machi hadi wiki ya mwisho ya Juni, N. hakupiga sevu hata moja.

Alipopata uwanja kwa mara ya kwanza alinionyesha kiganja kwenye kamera. Sugu za chini ya kidole cha shahada, zile zinazomtambulisha mchezaji hata akiwa amevaa nguo za harusi, zilikuwa zimelainika. Baada ya saa moja yalikuwa malengelenge. Tulicheka. Ningeyasoma malengelenge yale vizuri, ningejua kwamba kama ngozi imesahau, misuli ya tumbo nayo imesahau.

Fedha katika kipindi hicho

Mapato ya zawadi yalikuwa sifuri kwa zaidi ya miezi minne. Tarehe 5 Mei ulitangazwa mfuko wa msaada wa zaidi ya dola milioni 6, uliochangiwa na WTA, ATP ya wanaume, shirikisho la kimataifa la ITF na mashindano manne makubwa, ukilenga wachezaji wapatao 800. N. alipata fungu lake. Majuma hayohayo kulikuwa na mjadala mkali kuhusu wachezaji wa juu kuwachangia wa chini. Dominic Thiem wa Austria, mmoja wa wachezaji bora wa dunia, alisema haoni kwa nini awape fedha wachezaji ambao hawajitoi kikamilifu kwa mchezo, na Ines Ibbou wa Algeria, mchezaji wa nafasi za chini, akamjibu kwa video iliyotazamwa kila pahali. N. aliitazama mara tatu. Hakuandika neno mtandaoni. Aliniambia tu, “Huyo kanisemea, acha nikafanye mazoezi.”

Kilichomwokoa hasa ni Wimbledon. Waandaaji wake walikuwa wamekata bima iliyojumuisha magonjwa ya mlipuko miaka mingi kabla, na tarehe 10 Julai walitangaza kugawa pauni milioni 10 kwa wachezaji 620 ambao viwango vyao vingewaingiza kwenye shindano lililofutwa. Wa droo kuu walipewa pauni 25,000 kila mmoja. Wa mechi za kufuzu pauni 12,500. N. alikuwa kundi la pili. Kwa hesabu yake, hiyo ilikuwa posho ya kocha hadi mwisho wa mwaka, na chenji ikabaki.

Kuhusu kocha: mwezi Aprili N. alimpigia simu na kusema wazi kwamba hawezi kumlipa posho yote. Walikubaliana nusu posho, na kwa kufidia, asilimia ya zawadi ipande kutoka kumi hadi kumi na tano kwa miezi kumi na minane. Wachezaji kadhaa niliowajua waliachana na makocha wao mwezi uleule, kisha Julai wakahangaika kutafuta wengine. N. hakuhangaika.

Julai: kuchagua njia ya kurudi

Ratiba mpya ilileta maamuzi matatu kwa mkupuo.

La kwanza, New York. Shindano la Marekani lilipangwa kuanza tarehe 31 Agosti bila watazamaji na bila mechi za kufuzu kabisa. Yaani mlango wa watu wa nafasi ya N. ulifungwa, isipokuwa wakubwa wajiondoe kwa wingi na orodha ishuke hadi wamfikie. Na kweli walijiondoa: wachezaji sita kati ya kumi bora hawakwenda, akiwemo Ashleigh Barty, namba moja, aliyebaki kwao Australia (Septemba akashinda ubingwa wa gofu wa klabu yake, maana mkono wenye kipaji haukai bure). Kutolewa raundi ya kwanza tu New York kulilipa dola 61,000. N. angeweza kusafiri na kukaa akiba, akingoja jina lake liitwe. Angejilipia tiketi, vipimo, na siku za kufungiwa hotelini, huku tiketi ya kwenda Ulaya baadaye ikiwa haina uhakika. Alikataa. Orodha ilisogea, lakini haikumfikia.

La pili, Uchina. Mpango wa awali ulikuwa kwamba vuli yote acheze Asia, kwenye viwanja vigumu anavyovipenda. Mwishoni mwa Julai mashindano yote saba ya WTA nchini Uchina yalifutwa, miongoni mwayo fainali za mwaka za Shenzhen. Hilo liliondoa nusu ya sababu za kuokoa nguvu kwa ajili ya Oktoba.

La tatu lilizaliwa na la pili: kama hakuna vuli, basi Agosti na Septemba ndiyo mwaka mzima. Paris ilikuwa imesogezwa hadi mwisho wa Septemba, na mechi za kufuzu zilikuwepo. N. alitaka mashindano matatu ya viwanja vya udongo katika wiki tatu za Agosti ili afike Paris akiwa moto. Kocha alisita. Mimi nilikubali, na hilo ni kosa langu la pili. Hofu iliyokuwa inatusukuma sote haikuwa ya kiufundi: tuliogopa milango ingefungwa tena kabla hatujala chochote.

Agosti: wiki tatu

Mashindano yalirudi kwa adabu mpya. Kipimo ukifika, kipimo tena baada ya siku chache, taulo unalichukua mwenyewe kwenye sanduku lako nyuma ya uwanja, na mwisho wa mechi hakuna kushikana mikono: mnagonganisha raketi juu ya wavu kama watu wanaotakiana afya kwa glasi. Ukimya ndio uliomsumbua zaidi N. Alisema alisikia pumzi za mpinzani wake, akawa anazihesabu badala ya kuangalia mpira.

Wiki ya kwanza alitolewa mechi ya kwanza ya kufuzu. Alipiga sevu sabini na kitu. Wiki ya pili alishinda mechi mbili, zote seti tatu, na katika kila moja alipita sevu mia. Usiku wa mechi ya pili alinitumia ujumbe: “Ubavu unavuta kidogo, upande wa kushoto. Ni kawaida?” Nilimwambia ni uchovu, apake barafu, alale. Ingekuwa mwaka mwingine ningekuwa sahihi.

Wiki ya tatu, seti ya pili, gemu nne kwa nne, alirusha mpira juu, akajikunja, na alipojikunjua kupiga akasikia kama kitambaa kinachanika. Hakuanguka. Alimaliza gemu kwa kupiga sevu ya chini ya kwapa, akashinda pointi mbili kwa namna hiyo, kisha akaenda kwenye kiti na kuomba tabibu. Misuli ya tumbo ilikuwa imechanika kidogo upande wa kushoto, ule unaobeba sevu ya mtu wa mkono wa kulia. Akaambiwa wiki tano hadi sita.

Mechi za kufuzu za Paris zilianza tarehe 21 Septemba. N. alikuwa nyumbani, akijifunza upya kucheka bila kujishika tumbo.

Matokeo

Paris mwaka ule kutolewa raundi ya kwanza ya droo kuu kulilipa euro 60,000. Waandaaji walikata fungu la mabingwa ili wanaotoka mapema wapate zaidi. Iga Swiatek, aliyekuwa nafasi ya 54, alitwaa kombe bila kupoteza seti. Lakini aliyemuuma N. ni Nadia Podoroska wa Argentina: nafasi ya 131, jirani yake kabisa katika orodha, alianza kwenye mechi za kufuzu na kufika nusu fainali. N. aliitazama nusu fainali ile hadi mwisho, halafu akazima televisheni na simu kwa siku mbili.

Alirudi uwanjani Novemba, akacheza mashindano mawili madogo. Januari 2021 alikwenda Dubai, ambako mechi za kufuzu za wanawake za Melbourne zilichezewa mwaka ule kwa sababu ya karantini ya Australia. Alishinda moja, akapoteza ya pili. Kiwango chake mwisho wa mwaka kilitofautiana na cha Machi kwa nafasi chache tu.

Uchambuzi

Wengi wakikisikia kisa hiki husema tatizo ni mashindano matatu mfululizo. Sikubaliani, au nakubaliana nusu. Mchezaji wa kulipwa hucheza wiki tatu mfululizo kila mwaka bila kuchanika. Tofauti ni kwamba mwili wa kawaida unaingia wiki hizo ukiwa na maelfu ya sevu nyuma yake. Wa N. uliingia na wiki tano tu za sevu baada ya miezi mitatu na zaidi ya sifuri. Miguu yake iliyopendeza ilizidisha hatari: ilimsukuma juu kwa nguvu ambayo tumbo halikuwa limezoea kuipokea na kuipeleka kwenye bega. Tulimtengenezea injini kubwa tukaacha ekseli ileile iliyokaa ghalani.

Na hilo lilitokana na kufuata tarehe. Mpango unaoweka jambo muhimu mwishoni unadhani mwisho utafika. Kila tarehe ilipofutwa, sehemu iliyokatwa ilikuwa ileile. Ilinipasa niweke sevu mwanzoni, kila wiki, kwa kiasi kidogo, hata bila uwanja: kurusha mpira mzito juu ya kichwa kwenye ua, sevu ya kivuli na taulo mkononi, kujikunja na kujikunjua dhidi ya mpira wa kuvuta. Hakuna kati ya hivyo kinachohitaji wavu, na hakuna kinachojali kama mashindano yanarudi Juni au Krismasi.

Jambo la pili ni kiwango kilichogandishwa, nalo sioni likizungumzwa vya kutosha. Ulipofika Agosti, viwango vilifunguliwa kwa kanuni mpya: matokeo bora 16 tangu Machi 2019 hadi Desemba 2020, na kama umecheza shindano moja miaka yote miwili, linahesabiwa lililo bora. Kwa namba moja, kanuni hiyo ni godoro. Barty angeweza kukaa nyumbani na kucheza gofu, na alifanya hivyo kwa busara. Kwa nafasi ya 150 ni godoro pia, ila lenye dari ya chini. Hupotezi pointi, lakini walio juu yako nao hawapotezi, kwa hiyo hakuna anayekuachia nafasi. Wa kupanda ni yule tu anayevunja dari kwa wiki moja kubwa, kama Podoroska. Tulipofurahi mwezi Machi kwamba nafasi ya N. iko salama, hatukuuliza salama kwa ajili ya nini. Kama tungeuliza, tungeona kwamba Agosti haikuwa na faida kubwa ya pointi ya kukimbilia. Wiki iliyostahili kulindwa ilikuwa moja, ya Paris. Shindano moja la maandalizi, labda mawili, yangetosha.

Uamuzi wa kutokwenda kukaa akiba New York ninautetea hadi leo, ingawa dola 61,000 zinavuta. Kungoja jina liitwe ni kamari ambayo dau lake ni tiketi na siku kumi za mazoezi. Kurudi nyumbani Machi nako kulikuwa sahihi, pamoja na gharama ya gereji.

Makubaliano na kocha yalifanya kazi kuliko kitu kingine chochote tulichofanya mwaka ule, kwa sababu N. alizungumza mapema, kabla akiba haijaanza kumfokea. Ila yalikuwa na tundu. Pauni 12,500 za Wimbledon zilipoingia, kocha aliuliza kwa upole kama asilimia kumi na tano inahusu na hizo. Kwake zilikuwa zawadi ya shindano, maana zimetoka kwa shindano na zimelipwa kwa kiwango ambacho yeye alisaidia kukijenga. Kwa N. zilikuwa msaada, maana hakuna mpira uliopigwa. Mkataba wao, ukurasa mmoja na nusu, ulisema “zawadi za fedha” na haukusema zaidi. Walibishana kwa wiki mbili bila kugombana, jambo ambalo ni nadra. Mwishowe N. alimlipa asilimia kumi, ile ya zamani, na kwenye mkataba mpya wakaongeza mstari unaotaja fedha za mashindano yaliyofutwa. Kocha alitaka mstari huo uandikwe kwa asilimia kumi na tano, N. kwa sifuri. Nilipouona mara ya mwisho, nafasi ya namba ilikuwa bado tupu, imewekewa alama ya penseli pembeni.